Kitabu kikipotea nani analipa? Kisa cha chumba cha kusomea katika kijiji cha pembezoni

Kisa hiki kinatoka katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Jina la kijiji, la wahisani na la wahusika wote yameondolewa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Kimeandikwa kwa ajili ya watu wanaoanzisha au kusimamia sehemu za kusomea vijijini: maofisa maendeleo ya jamii, walimu, viongozi wa vijiji, na vikundi vya wenyeji wa kijiji wanaoishi mjini na kutuma maboksi ya vitabu nyumbani. Nimekifuatilia kwa karibu tangu vitabu vilipofika, nami nakieleza kwa urefu kwa sababu kijiji hiki kilifika mahali ambapo miradi mingi ya vitabu hufia, kikatafuta namna ya kuendelea.

Usuli

Kijiji kiko mbali na barabara ya lami. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua ikikolea, mto unaokatiza njia ya kwenda mjini hujaa na bodaboda hazivuki. Watu wanaishi kwa ufuta na korosho. Kuna shule ya msingi moja, zahanati, msikiti, madrasa mbili, ghala la chama cha msingi cha ushirika, gulio la kila wiki na kibanda umiza kimoja ambacho jioni ya mechi hujaa hadi nje. Hakuna anayeuza vitabu. Duka la karibu lenye maandishi yoyote liko makao makuu ya wilaya, nalo huuza madaftari, kalamu na vitabu vya maswali ya mitihani. Maktaba ya umma iko mjini, na nauli ya kwenda na kurudi inatosha kulisha familia siku kadhaa.

Hata hivyo watu wa hapa wana historia ya kusoma. Wakati wa sensa ya mwaka 1967, takriban theluthi moja tu ya watu wazima wa Tanzania Bara walijua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kampeni za kisomo zikashika kasi vijijini, na ilipofika 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba wanaojua kusoma walikaribia asilimia 90. Kisha uchumi ukabana, posho za walimu wa kisomo zikakatika, maktaba ndogo za vijijini zilizoanzishwa wakati wa kampeni zikabaki na makabati matupu. Sensa ya mwaka 2012 ikakuta wanaojua kusoma wamerudi kwenye asilimia 78 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Mtu aliyejifunza herufi akiwa na miaka thelathini, akakaa miaka mingine thelathini bila kushika maandishi, husahau. Katika kijiji hiki wapo akina bibi wenye vyeti vya kisomo vilivyohifadhiwa kwenye masanduku ya nguo, na wanapotakiwa kusaini fomu wanaomba wino wapige dole gumba.

Madarasani hali ilikuwa ya kawaida kwa shule za aina hii. Vitabu vya kiada vilikuwepo lakini havikutosha, na watoto watatu au wanne walisoma kitabu kimoja. Kitabu ambacho mtoto anakisoma kwa sababu tu anataka kujua sungura aliponaje hakikuwepo kabisa.

Vitabu vinafika

Kikundi cha wenyeji wa kijiji waishio Dar es Salaam kilichangishana, kikapata pia msaada wa vitabu kutoka ng'ambo, na kikaleta mzigo wa vitabu mia kadhaa pamoja na kabati la mbao lenye milango miwili. Mahali palipochaguliwa ni shule ya msingi, kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Sababu zilieleweka: shule ina kufuli, ina bati lisilovuja, na ina watu waliozoea kutunza vitu. Siku ya makabidhiano kulikuwa na ngoma, risala na mgeni rasmi. Kila kitabu kilipigwa mhuri na kuandikwa kwenye daftari la mali la shule, na mwalimu mmoja akasaini kuwa amevipokea.

Miezi iliyofuata kabati lilikuwa zuri mno. Vitabu vilipangwa kwa ukubwa, vumbi likifutwa, mgongo wa hata kitabu kimoja haujavunjika. Mkaguzi aliyepita alisifu utunzaji. Watoto waliruhusiwa kusoma siku moja kwa wiki, kipindi cha mwisho, wakiwa wamekaa chini mbele ya ofisi, na kengele ilipogongwa vitabu vilikusanywa na kuhesabiwa. Watu wazima hawakuonekana. Mtu aliyeacha shule darasa la nne, ambaye wajukuu zake wanasoma hapo hapo, haendi kubisha hodi ofisini kwa mwalimu mkuu kuomba kitabu cha hadithi.

Mwalimu aliyesaini alipoulizwa kwa nini watoto hawapewi vitabu waende navyo nyumbani, alijibu kwa swali ambalo ndilo msingi wa kisa hiki: "Kitabu kikipotea, nani analipa?"

Hakuwa mchoyo wala mvivu. Jina lake lilikuwa kwenye daftari la mali. Alikuwa amesikia habari za mwalimu wa kata nyingine aliyekatwa mshahara kwa vitabu vya kiada vilivyopungua. Iwe habari ile ilikuwa kweli au la, ilitosha kumfanya aone kila mtoto anayenyoosha mkono kama deni linalomkaribia. Kwa hesabu hiyo, jambo la busara kabisa kwa mtu mwenye mshahara wake na watoto wake ni kufunga kabati na kutunza ufunguo.

Shauri linafika kwenye mkutano wa kijiji

Suala lilipelekwa kwanza kwenye Kamati ya Huduma za Jamii na Kujitegemea, kisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata aliomba liwe ajenda inayojitegemea, kwa sababu mambo yanayoachwa kwenye "mengineyo" hujadiliwa watu wakiwa wamekwisha kusimama.

Mjadala ulikuwa mkali. Mzee mmoja, aliyewahi kuwa karani wa ushirika, alipinga vitabu kuazimishwa bila dhamana. Alikumbusha mashine ya kusaga ya kijiji iliyokufa kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ndiye mwangalizi. Hoja yake ilikuwa nzito na wengi walitikisa kichwa kukubali. Wengine walitaka kila anayeazima aweke shilingi elfu moja. Mama mmoja akasimama akasema wazi kwamba elfu moja hiyo ni sukari ya nyumbani kwake, na wanaoweza kuiweka ni wale wale ambao watoto wao tayari wana vitabu.

Mwalimu mstaafu mmoja, ambaye baadaye alikubali kuwa mtunzaji, ndiye aliyegeuza mazungumzo. Aliuliza: tukiweka mbegu ya ufuta shambani, si tunajua nyingine italiwa na ndege? Mbona tunapanda? Akapendekeza kijiji kikubali mapema kwamba vitabu vitapotea, kiandike ni vingapi, na kiandike kwamba hakuna atakayevilipa.

Baada ya mabishano marefu yakapitishwa mambo manne, yakaandikwa kwenye muhtasari na kupigwa mhuri wa kijiji. La kwanza, vitabu viondolewe kwenye daftari la mali la shule na viwe mali ya kijiji chini ya kamati. La pili, kila mwaka kitabu kimoja katika kila kumi kinaweza kupotea, kuchanika au kuliwa na mchwa bila mtunzaji wala msomaji kudaiwa chochote. La tatu, hasara ikizidi hapo, kamati ikae itafute sababu kabla ya kumtafuta mtu. La nne, mtu yeyote mwenye umri wowote anaweza kuazima kitabu kimoja kwa wiki mbili, kwa jina lake tu na jina la kitongoji chake, bila fedha.

Ile ya pili ndiyo iliyokuwa ngeni. Sijawahi kuona waraka wa mradi wa vitabu unaosema mapema ni vitabu vingapi vinaruhusiwa kupotea. Mingi ina kipengele cha utunzaji, na utunzaji ukiachwa peke yake huishia kwenye kufuli.

Kuhama kutoka shuleni

Pamoja na vitabu kubadilishwa umiliki, vilihamishiwa kwenye chumba kilichokuwa kikitumika kama stoo, kando ya ofisi ya kijiji, hatua chache kutoka kwenye ghala na mzani wa ushirika. Uamuzi huu ulipingwa na baadhi ya wahisani walioona picha ya chumba: ukuta wa tofali za kuchoma usio na plasta, dirisha moja, sakafu ya udongo. Kijiji kilishikilia msimamo kwa sababu moja tu: hapo ndipo watu wanapopita. Mkulima anapoleta mazao hukaa akisubiri zamu ya mzani saa nzima au zaidi. Mwenye shida na Mtendaji hukaa pale pale. Akina mama wanaotoka kisimani hupumzikia kwenye mwembe ulio mbele ya chumba hicho.

Saa za kufungua zilipangwa kwa kufuata siku ya kijiji. Watoto wengi wako madrasa kuanzia saa 8 mchana hadi saa 10, kwa hiyo chumba kikafunguliwa saa 10 hadi karibu na Magharibi, na asubuhi ya siku ya gulio. Ijumaa kikafunguliwa baada ya watu kutoka msikitini. Ustadh wa madrasa mojawapo aliulizwa mapema, akakubali, na akaomba rafu moja iwekwe vitabu vya dini vya Kiswahili. Ombi hilo lilileta wazee ambao pengine wasingekanyaga chumbani.

Rafu zilitengenezwa na fundi wa kijiji. Miguu yake ikasimamishwa ndani ya makopo ya maziwa yaliyotiwa oili chafu, kwa sababu mchwa wa udongo ule hula rafu ya mbao msimu mmoja ukiwaachia. Vitabu vya safu ya chini vilivalishwa karatasi za nailoni. Mambo haya ni madogo, lakini chumba cha jirani kilichoanzishwa na mradi mwingine kilipoteza karibu vitabu vyake vyote kwa mchwa, na hakuna ripoti iliyolitaja hilo kuwa sababu.

Vitabu gani vilisomwa

Mzigo wa kwanza ulikuwa na vitabu vingi vya Kiingereza kutoka ng'ambo. Vingine vilikuwa vya kupendeza, vyenye picha za theluji na mbwa waliolala kitandani. Watoto walivifunua mara moja au mbili kwa ajili ya picha wakaviacha. Lugha ya kufundishia shule ya msingi ni Kiswahili, na mtoto wa darasa la tatu anayehangaika kuunganisha silabi hawezi kupata furaha ya kusoma katika lugha asiyoielewa.

Kamati iliomba kikundi cha Dar es Salaam kiache kupokea vitabu vya Kiingereza vya watoto wadogo, na fedha za kusafirisha maboksi zitumike kununua vya Kiswahili. Vya aina hiyo vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulijengwa juu ya wazo la kuwahakikishia wachapishaji kwamba sehemu ya nakala zao itanunuliwa, na kwa njia hiyo vikapatikana vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa ajili ya watoto. Njia nyingine iliyosaidia ni hadithi za African Storybook, mkusanyo wa hadithi za watoto ulioko mtandaoni, ambazo leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuzichapa. Kijana mmoja wa kijiji anayefanya kazi ya stesheneri mjini alizichapa kwenye karatasi za kawaida na kuzishona kwa uzi. Kijitabu cha kurasa kumi na sita kikichanika, kinachapwa kingine kwa gharama ndogo. Vijitabu hivyo vibaya vya sura ndivyo vilivyoazimwa kuliko vyote.

Kwa watu wazima orodha ilishangaza. Walitaka vitabu vya dini, vya afya ya mama na mtoto, vya kilimo cha ufuta na palizi ya mikorosho, na hadithi ndefu za mapenzi na za upelelezi. Vitabu vya "maendeleo" vyenye michoro ya mtu aliyevaa suti akimwelekeza mkulima vilibaki rafuni.

Stakabadhi na miwani

Sehemu ya kisa hiki ambayo hakuna aliyeipanga ilitokea msimu wa ufuta.

Ufuta na korosho za Kusini huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007. Mkulima hupeleka mazao kwenye chama cha msingi, hupimwa, hupewa stakabadhi, kisha mazao hupelekwa kwenye ghala kuu na kuuzwa kwa mnada. Bei hutangazwa, makato huondolewa, fedha huingia benki. Kwa maneno mengine, tangu gunia linapopanda mzanini hadi fedha zinapofika, mkulima anashika karatasi tu. Asiyesoma anategemea kusomewa, na anayemsomea mara nyingine ni yule yule aliyeandika. Woga huo ni mojawapo ya mambo yanayowasukuma baadhi ya wakulima kwenye kangomba, yaani kuuza kwa mlanguzi kwa kipimo cha bakuli, kwa bei ya hasara, kwa sababu fedha inaonekana papo hapo.

Mtunzaji alibandika kwenye ukuta wa nje wa chumba nakala ya stakabadhi isiyo na jina, imeandikwa upya kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, kila mstari ukifafanuliwa: uzito, daraja, bei ya mnada, makato ya ushirika, ushuru wa halmashauri, jumla. Watu waliosubiri mzani walianza kuisoma, kwanza kimya, halafu kwa sauti, halafu wakiitoa ya kwao mfukoni na kuilinganisha.

Mama mmoja wa makamo alileta ya kwake akiwa ameikunja mara nne ndani ya kitenge. Alijua kilo zake kwa kichwa kwa sababu alizipima nyumbani kwa debe. Alichotaka ni kuona kama namba iliyo kwenye karatasi ni ile aliyo nayo kichwani. Mtunzaji hakumsomea. Alimwonyesha neno "uzito" kwenye ukuta, akamwomba alitafute kwenye karatasi yake. Alilipata, akaweka kidole hapo, akasogeza kidole hadi kwenye tarakimu, akazitaja moja moja. Zilikuwa sahihi. Wiki iliyofuata alirudi na wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa, wakiomba wafundishwe wote. Hivyo likazaliwa darasa la jioni la watu wazima ambalo kitabu chake cha kwanza kilikuwa stakabadhi, na cha pili kadi ya kliniki.

Kwa wanaume wazee tatizo lilijificha mahali pengine. Walikuwa wakisema "sikuja na miwani" kila wanapopewa karatasi, na kila mtu alichukulia kwamba ni namna ya heshima ya kusema sijui kusoma. Kwa baadhi ilikuwa hivyo. Wengine walikuwa wanasema kweli tupu, ila miwani yenyewe hawakuwahi kuwa nayo. Macho ya kuona karibu hupungua kwa karibu kila binadamu anapovuka miaka arobaini, na mtu huyo akisogeza karatasi mbali hadi mkono ukaisha, anaonekana mjinga kumbe haoni. Mtunzaji alinunua gulioni miwani kadhaa ya kusomea ya bei rahisi, za nguvu tofauti, akazitundika kwa uzi kwenye msumari kando ya mlango. Mzee yule aliyepinga vitabu kuazimishwa bila dhamana alijaribu moja baada ya nyingine, akapata inayomfaa, akasoma taarifa ya mnada kuanzia juu hadi chini bila kusita. Alikuwa msomaji hodari miaka yote. Macho ndiyo yaliyomwangusha. Baadaye akawa ndiye anayesomea wenzake hadithi chini ya mwembe, sura moja kila jioni ya gulio, akikatisha mahali patamu ili warudi.

Masika na masanduku

Mvua zilipoanza, vitongoji viwili vilivyo ng'ambo ya mto vilikatika. Kamati iliamua kupeleka huko sanduku la bati moja moja, kila moja na vitabu thelathini hivi, kabla mto haujajaa. Wazo lenyewe lina rekodi nzuri Afrika Mashariki. Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia kwa jamii za wafugaji huko Garissa, na nguvu yake kubwa ni kwamba msomaji anajua ngamia watarudi lini.

Katika kitongoji cha kwanza sanduku lilikabidhiwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mvua zilipokwisha lilikutwa chini ya kitanda chake, vitabu vikavu na visafi, daftari la kuazima likiwa tupu. Katika kitongoji cha pili, mwenyekiti alikuwa safarini na sanduku likaachwa kwa fundi cherehani, kwenye baraza lake. Hapo daftari lilijaa. Watu wanaosubiri nguo zao zishonwe walifungua sanduku kwa kukosa la kufanya, watoto wakafuata mama zao, na fundi mwenyewe, mwanamke aliyeishia darasa la saba, akawa anawaandikia wenye mwandiko mbaya. Tofauti ya vitongoji hivyo viwili ilikuwa ni baraza.

Matokeo

Chumba kimeendelea kufunguliwa kwa misimu kadhaa. Mwaka wa kwanza hasara haikufika kile kiwango cha moja kwa kumi. Mwaka wa pili ilikipita kidogo, kamati ikakaa kama ilivyoandikwa, ikagundua kwamba vingi vilivyopotea vilikuwa vijitabu vya hadithi vilivyokwenda na watoto waliohamia shule nyingine. Ikaamua kuchapa vingine.

Darasa la watu wazima lilidumu misimu miwili ya mauzo, likapungua wakati wa kilimo, likarudi. Si wote waliomaliza, ila kikundi cha akina mama walioanza na stakabadhi sasa kinatunza daftari lake chenyewe bila kumwita katibu wa kiume.

Jambo lililotushtua zaidi lilitoka kwenye kulinganisha madaftari mawili. Daftari la wageni, linalosainiwa na wanaokaa chumbani, lilionyesha wavulana ni wengi kuliko wasichana kwa mbali. Kwa kulitazama hilo tu, mtu angehitimisha kwamba wasichana hawapendi kusoma. Daftari la kuazima lilionyesha kinyume: wasichana ndio waliobeba vitabu vingi zaidi. Saa 10 jioni msichana yuko kisimani, yuko jikoni, amembeba mdogo wake mgongoni. Hana ruhusa ya kukaa. Ana ruhusa ya kupita, kuchukua kitabu na kuondoka, akakisome usiku kwa taa ya sola wengine wakiwa wamelala. Wakati vitabu vilipokuwa kwenye kabati la shule, visivyotoka nje, wasichana hawa hawakuwa na njia yoyote.

Uchambuzi

Kilichofungua kabati ni uamuzi kuhusu hasara. Chumba kizuri, rangi ukutani na vitabu vipya visingesaidia kitu kama jina la mtu mmoja lingebaki kwenye daftari la mali. Miradi mingi humpa mtunzaji semina ya namna ya kupanga vitabu, kisha inamwacha na hofu ile ile. Hapa hofu iliondolewa hadharani, mbele ya mkutano, kwa maandishi yenye mhuri, na ndiyo maana hakuna mtendaji mpya aliyeweza kuja kuirudisha kwa mdomo. Ningemshauri yeyote anayeanzisha sehemu ya kusomea aandike kiwango cha hasara kabla ya kuandika orodha ya vitabu.

Mahali nako kulifanya kazi, kwa sababu kulifuata mahali ambapo watu wanasubiri. Mzani, cherehani na mwembe vilileta wasomaji ambao hakuna tangazo lingewaleta. Na maandishi ya kwanza ya mtu mzima yawe yale yanayomgusa mfukoni. Hadithi zitafuata, na zilifuata.

Upande wa walimu haukwenda vizuri. Vitabu vilipohama, shule ilijiona imenyang'anywa. Kile kipindi cha kusoma cha mara moja kwa wiki kilikufa na hakuna aliyekifufua. Watoto wa madarasa ya chini, ambao ndio wanaohitaji mtu mzima wa kukaa nao kitabu mkononi, walipoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho. Ingewezekana kuacha sanduku moja shuleni chini ya utaratibu ule ule wa hasara, na sioni sababu ya kutolifanya hilo sasa.

Wanafunzi wa sekondari hawakuhudumiwa vya kutosha. Wanasoma kwa Kiingereza baada ya miaka saba ya Kiswahili, na wakija chumbani wanatafuta vitabu vya masomo yao pamoja na kamusi. Vile vya Kiingereza vya watoto vingewafaa wao, kwa kuwa ni vyepesi na vina picha, lakini hakuna kijana wa kidato cha kwanza anayekubali kuonekana mbele ya wenzake na kitabu cha mbwa na theluji. Mtunzaji amevitenga kwenye rafu ya pembeni na kuruhusu viazimwe bila kusomwa jina kwa sauti. Vimeanza kutoka.

Kubwa zaidi ni mtunzaji mwenyewe. Anajitolea. Kamati ilimwahidi posho kutoka kwenye ushuru wa gulio, akalipwa miezi ya mwanzo, kisha ushuru ukaelekezwa kwenye ukarabati wa zahanati, jambo ambalo hakuna anayeweza kulilaumu. Ana pensheni yake na ana moyo, lakini umri unakwenda. Pendekezo lililoko mezani ni kwamba chama cha ushirika kitenge shilingi chache kwa kila kilo ya ufuta kwa ajili ya chumba, kwa kuwa wanachama wake ndio wanaokitumia. Baadhi ya wajumbe wanaogopa kuongeza kato jingine kwenye stakabadhi, na wakulima ambao sasa wanaisoma watalihoji. Mimi naona ni kato linaloweza kutetewa hadharani kuliko mengine yaliyomo, na afadhali lipigiwe kura na watu wenye karatasi mkononi. Mkutano wa kulijadili umepangwa kabla ya msimu kufunguliwa, na fundi cherehani wa ng'ambo ya mto ameombwa ahudhurie, kwa sababu naye anadai anachostahili.